Komba Aitwaye Bwera

Jumapili, 21 Mei 1995

Baba mdogo amemkuta komba amelala chini ya mianzi yake, kopo la kukingia ulanzi, pombe ya mianzi, limepinduka kando. Mtoto bado, anaenea kiganjani. Amelewa chakari! Niliporudi kanisani (wao wa nyumba hii husali Roma, mimi peke yangu Anglikana, benchi la nyuma) nikakuta uwanja umejaa watu wanacheka.

Jirani yetu, Urbani Mapunda, alikuwa anapiga kelele: Hyasinti Komba, ndugu yako kazidiwa, mbebe umpeleke nyumbani! Baba mdogo akamjibu kwamba heri ndugu mlevi kuliko ndugu punda.

Huku watu wengi wana majina ya wanyama. Komba, Mapunda, Mbawala, Nungu. Jina la baba yangu halina mnyama. Ni jina tu, la kwetu Chiwanda, ziwani Nyasa. Baba mdogo si wa damu, ni rafiki yake baba tu, na nyumba hii yote ni Wamatengo.

Watu wa ukoo wa Komba hawamuui komba. Basi wamemtia kwenye tenga la kuku, na hakuna aliyetaka kumshika. Jioni nikampelekea kipande cha ndizi. Nikasema polepole, "Bwera." Kwetu maana yake njoo. Akaja mpaka kidoleni.

Sikuwa nimesema neno la Kinyasa kwa sauti tangu nilipoletwa Mbinga kusoma, Januari.

Jumatano, 24 Mei

Shuleni leo sauti yangu imetoka mara moja tu — "Nipo," mwalimu alipoita majina.

Komba analala kutwa. Jua likizama anafumbua macho yale makubwa, nami nakaa naye jikoni na kumweleza mambo. Ziwa. Mama. Jinsi dagaa wanavyong'aa wakianikwa mchangani. Yote kwa Kinyasa. Anasikiliza kwa masikio yote mawili, kila moja linageuka kivyake.

Ana tabia moja mbaya. Anajikojolea viganja, halafu anashika kila kitu! Mama mdogo amesema, "Edina, mnyama wako ananuka kama choo cha stendi."

Mnyama wako. Amesema *wako*.

Watoto walinisikia nikimwita, wakadhani ndilo jina lake. Sasa nyumba nzima ni Bwera hivi, Bwera vile. Jastin, wa miaka tisa, aliniuliza nimelitoa wapi jina la ajabu hivyo. Nikachukua ufagio. Nikimwambia ni Kinyasa ataanza kuniigiza, kama anavyoniigiza nikisalimia, huku ameziba pua eti anasikia harufu ya samaki. Halafu watacheka kwa Kimatengo, na mimi sitajua wamesema nini.

Jumamosi, 27 Mei

Imeamuliwa. Yule mnunuzi mpya wa kahawa, si wa ushirika, huyu wa binafsi mwenye lori la bluu, amekubali kutupa nafasi mpaka Songea. Watoto wataiona bustani ya wanyama. Wamerukaruka mpaka Gaudiosa, mdogo wake Jastin, akamwaga uji. Baba mdogo akawaambia watamwona Mapunda mwenyewe, na mistari yake yote.

Nikauliza, "Na Bwera?"

"Hiyo ndiyo safari yenyewe, mwanangu. Bustani wanawapokea. Kumfuga hapa sheria hairuhusu, na kumuua siwezi. Lakini mkojo wake nimeuchoka."

Nikaenda kuosha vyombo. Nikaosha hata vilivyokuwa safi.

Jumatatu, 5 Juni

Likizo. Mama ametuma salamu kupitia mchuuzi wa dagaa: barabara ya ziwani mbaya, nisiende, nibaki nisome.

Bwera amelala ndani ya sweta langu. Nasoma.

Ijumaa, 9 Juni

Kesho. Jastin anataka kubeba tenga yeye. "Sisi ndio akina Komba. Wewe Mnyasa utamkabidhi kama nani?" Baba mdogo alicheka, si kwa ubaya.

Kitabu cha biolojia kina nusu ukurasa tu juu ya komba. Kinaeleza meno, mkia, chakula. Hakisemi kama anakumbuka mtu.

Jumamosi, 10 Juni — Songea, ndani ya lori

Wengine wamekwenda kununua soda. Niandike upesi.

Tumefika salama, vumbi mpaka kwenye kope. Aliyetupokea ni Bwana Tarsisi, kijana wa wanyamapori, buti kubwa, maneno mengi. Ametueleza hivi. Bwera atawekwa kwenye banda la wavu lililo katikati ya miti. Akijifunza kuwaogopa watu, mvua zikianza watamfungulia. Akiendelea kukimbilia watu, hatoki. Kwa nini? Kwa sababu mtu wa kwanza atakayemwita huko nje atamtia guniani. Kwa hiyo hakuna kumlisha kwa mkono, hakuna kumwita. "Kumpenda sasa ni kumnyamazia," akasema.

Jastin alifungua tenga. Bwera akajikunja kama soksi. Jastin akatia mkono — akang'atwa! Dereva akacheka mpaka akashika magoti: "Komba kamkana Komba!"

Bwana Tarsisi akauliza nani kamlea. Wote wakanigeukia. Baba mdogo, Mama mdogo, dereva, wageni wengine wenye kofia, wote wananitazama. Nikasema, "Bwera."

Akatoka. Akapanda mkono wangu mpaka begani, viganja vimelowa. Nikaingia naye bandani, nikamweka juu ya tawi, nikatoka. Sikugeuka. Nilijisifu kwa hilo.

Nyuma yangu nikamsikia Jastin anamweleza Bwana Tarsisi, "Ndilo jina lake hilo. Anaitwa Bwera." Naye akasema jina zuri, hata wao watamjua kwa hilo.

Nilitaka kumsahihisha. Nikainama kufunga kiatu.

Halafu tukatembea. Gaudiosa alimpigia pundamilia goti: "Shikamoo, baba Mapunda!" Watu walicheka, hata mimi. Jastin alitembea kando yangu njia nzima, kidole amefungwa kitambaa. Hakuziba pua. Aliniuliza kama ziwani kuna mamba kweli, nikamwambia wapo, akataka kujua urefu. Na Gaudiosa, ambaye ana miaka sita tu na hajui anachosema, alimwambia Bwana Tarsisi, "Huyu dada naye ni Komba. Komba wa ziwani."

Sijui kwa nini nalia nikiandika hilo.

Tulipopita tena bandani kuaga, Gaudiosa akapunga mkono. "Kwaheri, Bwera!" Bwera, ambaye mchana hulala, akashuka tawini mpaka kwenye wavu.

"Tulisema asiitwe," Bwana Tarsisi akamkumbusha.

"Simwiti," Gaudiosa akasema. "Namuaga!" Akarudia, Jastin naye akadakia. Kwaheri, Bwera! Bwera, kwaheri! Kila walipoaga alizidi kuusogelea wavu, mwisho akatoa vidole.

Bwana Tarsisi alikuna kichwa. Akasema hajaona mnyama mwenye kichwa kigumu namna hii, na kama ndivyo alivyo, basi huyu ni wa bandani maisha yake yote.

Ni neno moja tu la kumwambia. Bwera maana yake njoo, bwana, mpeni jina lingine. Lakini Jastin atasikia. Atajua kwamba tangu mwezi uliopita nimewaacha wakisema Kinyasa bila kujua, na mimi nikiwasikiliza. Leo ndiyo kwanza ameniuliza habari za mamba.

Wamerudi. Nimekalia daftari kidogo, nimelitoa tena. Mama mdogo ameniletea Fanta, anauliza mbona macho mekundu. Nimesema vumbi.

Dereva amewasha gari. Bwana Tarsisi bado yupo getini na Baba mdogo, wanataniana juu ya ulanzi. Wanashikana mikono. Hawajaachiana. Kutoka hapa ni hatua chache tu, na mlango wa upande wangu haujafungwa.

Gaudiosa amepanda magotini kwangu, ametoa kichwa dirishani, amevuta pumzi, anaaga tena kwa nguvu zake zote. Banda limejificha nyuma ya miti, silioni. Najua Bwera amekuja wavuni.