Mungu Wako Hakuvuka Mto

Kwa kaka yangu Komora,

Salamu zangu zikukute ungali na nguvu za jembe, na mama akilalamikia magoti tu, si jambo kubwa kuliko hilo. Mpunga umechanua? Ndege je, mwaka huu wana adabu? Mimi ni mzima. Mikono imejaa miiba ya mkonge, na baridi ya huku Thika bado hatujapatana, ila nakula na ninalala.

Kaka, kuanzia hapa usimsomee mama.

Unaukumbuka mchezo wetu wa mataifa? Jumapili iliyopita mvua ilitufungia kambini, nikamfundisha Mutua, Mkamba ninayekaa naye chumba kimoja. Nilichora miraba sakafuni kwa mkaa, mto ukipita katikati. Taifa langu lilikuwa vifundo vya kamba, lake punje za mahindi. Nikafinyanga miungu wawili wa udongo, wa Mafuriko na wa Kiangazi. Basi hapo moyo wangu ulienda nyumbani. Nilipaona pale chini ya dungu la kulindia mpunga tulipokuwa tukicheza badala ya kufukuza ndege, na mama akitupigia kelele kwamba Mungu ni mmoja, sisi tunafinyanga wengine huku mpunga unaliwa. Nilizitamani hata zile kelele. Udongo wa huku nao unapasuka ovyo, si kama wa mto wetu Tana.

Mutua akauliza miungu hao hupiganaje. Nikamwambia hawapigani. Mungu huongoza tu, asipovuka mto watu wake hawavuki, na akibaki bila mtu wake hata mmoja, taifa limekwisha.

Unanijua kwa majigambo. Nikamhadithia mchezo wetu wa mwisho: kwamba marehemu baba alisema mmoja aende kazini, mmoja abaki na mama na shamba, tuamue wenyewe, tukaamua kwa mchezo, nami nikakushinda, wewe uliyekuwa umeshashona mfuko wa safari. Miaka sita nimeisimulia habari hiyo kila kambi niliyolala. Safari hii nikampangia na kete zilivyokuwa. Mungu wangu alibakiwa na mtu mmoja. Wewe ulikuwa na watatu kivukoni. Ukamrudisha mungu wako nyuma, ukasema, "Wangu amechoka leo. Haya, kijana, funga mizigo."

Mutua alitazama sana. Akasema, "Huyu kaka yako mbona hakuvuka? Hatua moja tu, angekumaliza."

Nilifungua mdomo nimjibu, nikatazama na mimi. Hatua moja, kaka. Mtoto angeiona, na wewe ndiye uliyetunga sheria zote.

Nilikasirika, sikufichi. Sikumsemesha Mutua mpaka kesho yake, maskini, kana kwamba kosa ni lake. Halafu hasira ikaisha, ikabaki aibu, na nikakupenda mpaka nikalia katikati ya mistari ya mkonge. Nyapara alidhani nimechomwa na mwiba jichoni. Wewe ndiye uliyetaka kupanda gari la moshi, kuona nchi, kusoma magazeti. Mimi nilitaka tu kukushinda.

Mkataba wangu unaisha mwezi ujao, na sitatia kidole gumba tena kuuendeleza. Nimeshamwomba karani aandike jina lako mahali pangu, naye amekubali. Mutua atakupokea stesheni. Ni mtu mwema, ila anakoroma. Mimi nitafika nyumbani Garsen kabla ya mavuno. Mama nitamtunza, na ndege nitawafukuza kweli safari hii.

Nisalimie mama, umwambie tu kwamba narudi. Nisalimie dada yetu Habiba na shemeji, na mjomba wa mtumbwi, na shangazi, ambaye najua ataanza kunitafutia mke kabla sijanawa miguu.

Wala usiniandikie kwamba hutaki kuja. Wewe nawe hukuniuliza.

Ni mimi mdogo wako,
Buya