Mwanga wa Toleo Jipya

Kaka yangu mkubwa,

Pokea salamu zangu, wewe na wifi, na hao watoto ambao naambiwa sasa wanakushinda urefu. Je, kikohozi cha wifi kimemwachia? Mimi nakula na kulala vizuri. Mengine nitayafikia, usiruke mistari kama ulivyozoea.

Huwa unanitania kwamba nalipwa kwa kucheza. Basi huko kwenye kucheza kwetu tumepata injini mpya. Usifikirie gari. Injini ya mchezo wa kompyuta ni ile programu iliyo chini ya kila kitu: ndiyo inayomfanya mtu akimbie, maji yatiririke, mlango ujibamize. Kazi yangu mimi ni mwanga. Zamani nikisogeza taa moja tu kwenye chumba cha mchezoni, nilisubiri kompyuta ipige hesabu mpaka chai inapoa. Katika toleo hili jipya, nasogeza taa na kivuli kinaifuata papo hapo. Jua likipenya pazia jekundu, wekundu unatambaa mpaka ukuta wa pili. Mji mzima unafunguka bila kukwama, na watu wa mbali hawakatikikatiki tena.

Siku bosi wetu, tunayemwita Chapchap, alipotuonyesha, aliweka toleo la zamani na hili jipya bega kwa bega kwenye skrini kubwa ya ukutani. Wenzangu wakaguna kwa raha. Akaniuliza mimi, mtu wa mwanga, nakionaje kivuli cha yule mwanamke wa pembeni, karibu na dirisha. Nikakisifia sana. Kaka, hata huyo mwanamke sikuwa nimemwona.

Nikajiambia ni uchovu. Nikabadilisha miwani, nikapandisha mwangaza wa skrini mpaka jirani yangu akalalamika kwamba namuunguza. Kisha kazi zangu zikaanza kurudishwa. Wale wanaoujaribu mchezo kabla haujatoka waliandika kwamba ukumbi niliopanga taa zake unang'aa katikati, na pembeni umeachwa giza tupu. Chapchap alinitetea, akasema toleo jipya bado halijatulia. Injini ilikuwa imetulia kabisa.

Aliyegundua ni fundi wetu wa sauti, mtu mpole asiye na makelele, jambo linalochekesha ukifikiria kazi yake. Alikuwa ameshaona ninavyojigonga bega kwenye mlango ule ule. Tukiwa kwenye chai, akaja kukaa ubavuni mwangu, akaniambia nitazame mbele tu, halafu akauliza taratibu, "Dada, nimenyoosha vidole vingapi?"

"Vidole gani?" nikamuuliza.

Hakucheka. Alichukua funguo zake akanipeleka kliniki mwenyewe.

Daktari alisema ni presha ya macho. Imekuwa ikila mshipa wa fahamu polepole, ikianzia kuona kwa pembeni, bila maumivu, na ubongo ukawa unanijazia mapengo kwa kukisia, ndiyo maana sikushtuka. Kilichopotea hakirudi. Matone niliyopewa ni ya kulinda kilichobaki. Chapchap amenihamishia kwenye kuandika maelekezo ya wachezaji, na taa zangu amepewa msichana mgeni. Nilimfundisha kila kitu bila kuficha, nikaenda chooni, nikafungulia bomba ili nisisikike.

Lakini sikuandika ili unihurumie. Daktari aliniuliza nani mwingine kwenye ukoo anaumwa macho, maana ugonjwa huu hutembea kwenye damu. Nikajibu hakuna. Nilipofika kwenye ngazi za kliniki, nikakaa pale pale. Baba alinijia akilini. Baba aliyemwaga chai kila siku, aliyejikwaa kwenye viti ndani ya nyumba yake mwenyewe, tukamwita Tingatinga, na yeye akacheka pamoja nasi.

Ile siku uliyorudi nyumbani baada ya ugomvi wenu, uliniambia ulisimama kando ya kiti chake pale mlangoni, ukingoja ageuke. Hakugeuka. Ukaondoka na begi lako, ukaapa hutakanyaga tena pale, na hukuja hata tulipomzika. Hukuwepo mama alipomwambia kwamba ulikuwa umekuja. Baba akasema, "Si angesema hata neno?" Sote tulidhani ni kiburi chake.

Sasa mimi nakaa, mtu anasimama ubavuni mwangu, na simjui mpaka aongee. Baba hakukunyima uso wake, kaka. Hakukuona.

Nenda ukapimwe macho, na watoto uwapeleke, hata kama wanaona vizuri. Mama sijamwambia, nataka tumwambie wawili, ukiweza kuja. Msalimie sana wifi, wabusu watoto kwa niaba ya shangazi yao. Kama mwandiko umepanda juu ya mistari, usinicheke.

Ni mimi,
mdogo wako wa mwisho