Miye Njo Nilisema Bafute Mashini ya Dédé

MAELEZO YA SHAHIDI
Lubumbashi, tarehe 16/4/2024, saa ine ya asubui.
Jina: Chomba Albertine. Miaka: 73 ku carte, ye anasema imepita. Kazi: kuuzisha makala (makaa ya kupikia). Makao: Makomeno. Hajue kuandika, ameongea, OPJ (polisi wa upelelezi) ameandika.

Hapana, chef, Nono munamufunga bure. Miye njo nilisema afute. Andika ile mbele, kisha nitaanza.

Dédé ni mutoto wangu wa pili. Alikuwa anafanyaka video za ndoa na za kilio. Nono, mwenzake wa kazi, anabeba caméra, Dédé anashika micro, kisha ku nyumba anakata picha na kuziunga. Mu mwezi wa pili balipata mashini mupya, ordinateur, juu programme mupya ya montage, ya kukata na kuunga picha, ilikuwa nzito, ile ya zamani haikuweza kuibeba. Tarehe 2 ya mwezi wa tatu malaria ikamukamata. Siku tatu tu, akakufa. Ye na bukari, chef, alipendaka ugali yake! Ile siku alikatala bukari, nikayua.

Samedi ya juzi, tarehe 13 ya huu mwezi wa ine, saa nane ya muchana, courant ya umeme ilirudia, Nono akakuya kwangu kutia ile programme. Mashini ya zamani ilikuwa ya kupatia Jephté, mudogo wake Dédé, anasomaka ku université ya Kasapa. Kwetu kintu ya mufu haipite ku mukono ya mwingine bila kusafishwa. Nguo tunafula, kiti tunasafisha. Bibi yangu alisafisha hata jembe ya bwana yake, mara tatu... sawa, chef, narudia.

Nikamwambia Nono: “Ile mashini, toa byote biko ndani, mbele Jephté ashike.”

“Mama, tungoje kesho. Tuone kwanza kama ya mupya inafungula kazi ya grand Dédé.”

“Unataka mutoto wangu alale na kifo ku meza?”

Akacheka kidogo. “Mama, ni mashini.”

“Na weye masomo yote ile ni ya nini?”

Aliniangaria. “Mama, byote?”

“Byote.”

Akafuta. Ananiheshimu kama mama yake.

Saa kumi na moja programme ikamaliza kuingia. Kazi ya Dédé, Nono alikuwa ameichukua ku clé USB mbele ya kufuta. Akaifungula: yote nyekundu. Nyekundu, nyekundu, hakuna muntu. Ku clé kulikuwa mupango ya kukata tu. Picha zenyewe zilibakia mu mashini tuliyofuta. Nono hakuyua, montage ilikuwa ya Dédé.

Mule kulikuwa film ya kilio ya mama yake Joséphine Paluku, ule anauzishaka maharagi en gros, magunia kwa magunia. Ba dada yake beko Butembo, vita ilifunga njia, habakuzika mama yao. Ile film ilikuwa yao. Njo maana Joséphine alikuya kushitaki Nono. Simukasirikie.

Lakini na miye, chef. Sauti ya Dédé ilikuwa mu kila film, anaita bantu baongee. Nilimufuta na kinywa yangu.

Usiandike kama ninalia. Ni mavumbi ya makala.

Mufungulie Nono. Kama kuko kosa... Nani ananiita? Joséphine? Asema ku téléphone yake kuko kipande ya film Dédé alimutumia akitazame mbele. Asema sauti iko. Chef, kalamu yako ingoje. Naenda.

OPJ Bwalya: Shahidi ametoka mbele ya kusomewa na kutia kidole. Ku couloir, inje ya biro, imesikilika sauti ya mwanaume toka téléphone, mara saba: “Ba mama, mukaribie kidogo.” Toka cachot, chumba ya kufungia, Nono ameuliza ni nani anaongea.