Simu Yenye Macho

Bagamoyo, 9 Juni 2024

Kwa dada yangu Biubwa,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Naanza kwa kukuuliza hali yako na ya shemeji Seleman, na kile kidole chako kilichodungwa na mwiba wa samaki, kimepona au bado unakipunga hewani kama bendera. Sisi tu wazima. Swaumu ananyonya kama kesho hakuna.

Usishangae kupata karatasi. Kitochi changu, hiki kisimu cha vitufe, kilitumbukia kwenye ndoo, na tangu siku ile ukikiweka sikioni hakisemi kitu. Kinasema kwa spika tu. Kwa hiyo nikiongea na wewe, nyumba nzima inaongea na wewe. Mavyaa wangu Bi Mwanahija anakujibu kutoka jikoni kabla mimi sijafungua mdomo. Mambo ya leo sitaki ayajibu yeye. Akiuliza ninaandika nini nitasema vitu vya sokoni. Barua nampa Kitwana wa gari la samaki, si anakuja huko kila Jumapili.

Dada, Latifu, baba Swaumu, anataka kuniletea simu ya tachi. Kuna mwenzake wa kazini huko Maskati anarudi baada ya Idd, atampa ailete. Anasema amechoka kumsikia mwanawe kama redio. Kweli, aliondoka mimba ina miezi mitano, na picha aliyoiona ni ile moja tu aliyopiga jirani yangu Tatu kwa simu yake, mtoto nimemzungushia kanga mpaka kifuani. Akauliza, mbona mmemfunga kama sambusa. Watu wote walicheka, na mimi nikacheka.

Wewe unajua kwa nini nilimfunga. Latifu mpaka leo hajui habari ya ule mguu wa kushoto. Siku ileile niliyojifungua Mavyaa aliuona umejikunja kwa ndani, akaufunika, akaniambia: "Asiambiwe. Mwanangu ana moyo mwepesi, atafungasha arudi, na huku kazi hakuna." Nami nilikuwa nimechoka, nikasema sawa. Sasa mtoto anafungwa plasta ngumu hospitali kila Alhamisi, kila wiki wanaunyoosha kidogo, daktari anasema tumewahi, utakaa sawa. Lakini neno lile la kutosema limekua kuliko mtoto.

Tena kuna viatu. Latifu alimtumia mtoto viatu vyeupe vina ua jekundu, vidogo hata ukivitia kiganjani vinapotea. Akapiga simu, spika inasikika mpaka uani, akaniuliza vimemkaa? Mavyaa ananitazama. Nikasema vimemkaa. Basi kila akipiga anauliza, leo amevaa viatu? Nami namvalisha kwa mdomo.

Nimezipima hizi simu mbili kichwani mpaka kichwa kimechoka. Kitochi kinakaa na chaji wiki nzima. Kina tochi. Kikianguka unaokota betri huku na mfuniko kule, unavirudisha, kinaendelea na maisha. Na hakina macho. Hiyo ya Latifu ina macho mbele na nyuma. Nikiipokea ataona. Nikiikataa nitasemaje? Nishauri, dada, silali vizuri.

Mdogo wako,
Shufaa, mama Swaumu


Saadani, 20 Juni 2024

Mdogo wangu Shufaa,

Marahaba mama, na waalaykum salaam. Idd ilikuwa njema, tulikula. Kidole kimepona, ila Seleman bado ananiita mjeruhi. Nibusie Swaumu miguu yote miwili.

Nisikilize mimi mwenye hiyo ya tachi. Kioo changu kimepasuka, nikiandika neno inaandika la kwake. Chaji haifiki adhuhuri. Mtandao naupata nikisimama kwenye chanja za dagaa, chanja ya tatu, nimegeukia upepo, na wenzangu wote wanaoanika pale wanajua habari za ukoo wetu tangu babu. Halafu ile simu ni mchongezi. Inamwonyesha Seleman mara ya mwisho nilionekana saa ngapi, naye anakuja na maswali, ulikuwa unaongea na nani. Kitochi kina heshima zake, hakisemi ulikuwa wapi.

Ushauri wangu ni huu. Subiri. Mwambie kitochi kinakutosha, hizo kubwa utajifunza mbele ya safari. Mguu ukinyooka utampa picha nzuri, huo wa zamani hataujua. Wanaume wa mbali hupewa habari zilizoiva.

Usijikondeshe. Maziwa yatakauka.

Dada yako,
Biubwa


Bagamoyo, 14 Julai 2024

Dada Biubwa,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta salama, shemeji naye hajambo. Mimi mwili mzima, ila moyo haukai. Naingia ndani, natoka nje, nachukua ufagio, nauweka.

Nilifanya ulivyosema. Nilimwambia Latifu kitochi kinanitosha, asijisumbue. Nikasema hizo za tachi zinakula chaji, akasema sawa. Nikasema hazidumu, akasema sawa. Nilikuwa nazisema sifa za kitochi kama ninakiuza, dada, na kila nikisema naona hata mimi nisingenunua.

Tangu hapo aliyekuwa anapiga kila jioni akawa anapiga Ijumaa tu. Viatu hakuviuliza tena. Nilifurahi siku mbili, halafu ikaanza kuniuma kwamba haviulizi. Kumbe kule anafikiri. Kampigia mume wa Tatu, akamuuliza natoka saa ngapi na narudi saa ngapi, na kila Alhamisi naenda wapi na mtoto. Tatu ndiye aliyeniambia, akaniambia huku akiangalia chini.

Juzi Ijumaa akapiga mwenyewe. Kwa spika, unajua. Akasema, "Sijapata kuona mke anayekataa simu. Anayekataa kuonekana na mumewe ana mwingine wa kumwona."

Mavyaa alikuwa anakuna nazi. Mbuzi ikanyamaza. Nilimtazama nikasema moyoni, haya sasa, semeni mama, neno ni lenu hili. Akainamia kifuu chake. Baadaye nikasikia nazi inakunwa tena, taratibu. Mimi nikasema sina mtu, Latifu, wallahi.

Na simu yenyewe imekuja vilevile. Yule mtu wa Maskati alikwishaondoka nayo. Imo kwenye boksi lake, Mavyaa ameitia kabatini chini ya kanga za harusi. Nikipita pale naona kama inanitazama.

Habari nzuri ni ya mguu. Plasta ya mwisho imetolewa, umegeuka, unatazama mbele kama wa watu. Mwembamba kidogo na mfupi kidogo. Sasa anavaa viatu vya hospitali, viwili vimeunganishwa na chuma katikati, mchana na usiku, anavuliwa kuogeshwa tu. Nilitaka nimweleze baba yake habari hii kuliko mtu yeyote duniani. Nimekuandikia wewe.

Mdogo wako,
Shufaa


Saadani, 21 Julai 2024

Shufaa mdogo wangu,

Marahaba. Salamu zangu leo ni fupi kwa sababu nina aibu. Nilikushauri vibaya. Nilidhani nakufunika mvua kumbe nimekufunika pumzi. Nisamehe.

Mwambie. Itoe hiyo simu. Tatu atakuwekea laini na bando, na watsapu akuwekee. Ukifika kwenye jina la Latifu bonyeza kale kapicha ka kamera. Utajiona mwenyewe kwanza kwenye kidirisha, usishtuke, kila mtu mle ndani hujiona mbaya. Uso wa mtoto uanze. Aushibe, ampende, acheke naye, halafu ndiyo umshushe pole pole mpaka miguuni. Hapo atakuwa ameshanasa.

Na Mavyaa wako mwachie Mungu.

Dada yako,
Biubwa


Saadani, 1 Septemba 2024

Shufaa,

Salaam. Wiki sita sijapata barua yako. Kitwana anasema alipita na barafu yake akakuta mlango umerudishwa, hakuona kanga yako kwenye kamba. Nimepiga kwenye kitochi chako mara mbili nikiwa chanjani. Mara ya kwanza Mavyaa wako akasema umekwenda kliniki, nikamuuliza na Latifu je, mtandao ukakata, au alikata yeye. Mara ya pili hakikupokelewa.

Kama amekuacha niandikie, nije nikuchukue. Kama hajakuacha niandikie vilevile. Hata mstari mmoja.

Dada yako anayekuwaza,
Biubwa


Bagamoyo, 8 Septemba 2024

Dada yangu Biubwa,

Shikamoo, tena shikamoo ya magoti. Sijaachwa. Tuko wazima wote, na Swaumu ameota jino, analijaribia kwenye bega langu. Kanga Kitwana hakuziona kwa sababu nilikuwa naanika uani, nilikuwa sitaki watu.

Mwezi mzima sikuigusa ile simu. Nilikuwa nafungua kabati, nafunga. Nasema leo, nasema baada ya Ijumaa. Ijumaa anapiga, anauliza mtoto hajambo, anauliza mama hajambo, mimi haniulizi.

Alhamisi ya mwisho ya Agosti nilirudi kutoka kliniki, sijavua hata baibui, nikaenda kabatini nikaitoa. Tatu akaniwekea kila kitu akaondoka, hakutaka kukaa. Mavyaa alikuwa ameketi mkekani na mjukuu wake. Sikumwomba ruhusa. Nikabonyeza ile kamera.

Dada, sikufanya ulivyosema. Nilifikiri, nikianza na uso nitabaki usoni, nitaishia pale, najijua. Nikaigeuza simu nikaanza na mguu. Latifu akatokea, yuko ndani ya gari la kazi, amenenepa mashavu. Akasema haloo, halafu akaona. Nikasema, huu ndio mguu wa mwanao, ulizaliwa umejikunja, Alhamisi zote nilikuwa naupeleka kutibiwa. Nilisema kwa pumzi moja.

Swaumu na kile chuma chake hawezi kupiga teke la mguu mmoja, anapiga kwa yote miwili pamoja, kama mlango. Akaipiga simu. Ikaruka mpaka ukutani. Nilipoiokota Latifu alikuwa ameganda, mdomo wazi, jicho moja limefumba. Nikasema haloo, haloo. Picha haitikisiki. Hata sikujua analia au ni mtandao. Mavyaa akasogea, tukaketi wote wawili tunausoma ule uso kama watu wanaotazama mwezi wa Ramadhani. Halafu ukapotea.

Tukakaa. Kitochi kikalia.

Hakuna salamu. Akasema, "Uliniambia viatu vimemkaa."

Nikasema nilikwambia.

Akasema, "Mguu ni wa Mungu, Shufaa. Viatu ni vyako."

Lile tundu la sikioni lingekuwa zima, maneno yale ningeyameza peke yangu mpaka leo. Lakini ni spika. Mavyaa akanyoosha shingo kwenye kitochi, mtu asiyependa kusogelea simu, akasema: "Latifu. Mimi ndiye niliyemfunga mdomo. Na siku ile ulipomtukana nilikuwa hapa na mbuzi yangu, nikanyamaza. Ukitaka kukasirika, kasirika na mimi."

Nikasikia honi za magari ya Maskati. Halafu akauliza, yule mtoto anapiga mateke namna ile siku zote? Mavyaa akamwambia, mpaka vikombe tumevihamisha. Latifu akakohoa, au alicheka, kitochi hakionyeshi. Akasema ana kazi, akakata.

Hakusema amenisamehe. Wala siku ya pili hakupiga, wala ya tatu. Ndiyo maana sikukuandikia, nilikuwa sijui nikuandikie nini. Mavyaa naye tangu siku ile ananikunia nazi yeye, ananitengea chakula, neno hanipi. Viatu vile vyeupe nimevikuta amevifua, ameviweka juani, na havikuwahi kukanyaga chini.

Jana asubuhi ikaingia meseji kwenye simu ya tachi, imeandikwa tu: pima miguu yote miwili, kila mmoja na kipimo chake.

Nikakata uzi wa kushonea, nikapima wa kulia. Nikakata mwingine nikapima wa kushoto. Umepungua kwa nusu ya upana wa kidole changu cha mwisho. Nikazilaza nyuzi mbili juu ya mkeka, kisigino kwa kisigino, kandoni nikaweka kiberiti ajue ukubwa, nikapiga picha nikatuma. Vile vialama viwili vikageuka buluu, yaani ameona. Ameona tangu jana. Hajajibu. Kitochi hakina mateso haya, dada, nilikuwa na haki ya kukisifu. Kila saa naifungua, natazama ile buluu, naifunga. Ulisema ni mchongezi, ni kweli, lakini inachongea nusu tu.

Nilikuuliza zamani nishike ipi kati ya simu hizi mbili. Kitochi sikitupi. Hii nayo siirudishi kabatini. Ijumaa inayokuja nitampigia mimi, kwa picha, nimeshamchagulia Swaumu gauni fupi la kuonyesha

Nimekatishwa, kitochi kinalia na Mavyaa amekipokea kabla yangu. Nasikia kila kitu kutoka hapa nilipoketi. Latifu anauliza yuko wapi mama Swaumu. Mavyaa anamwambia, yuko chumbani anamwandikia dada yake barua, anaandika tangu Juni, anadhani sijui.

Latifu anasema, mwambie nyuzi nimeziona. Anasema fundi wa viatu anataka kujua mguu wa mtoto ni mnene juu au mwembamba. Mavyaa anasema hayo muulize mwenyewe mkeo.

Latifu anasema, basi mwite.

Naenda.

Mdogo wako,
Shufaa