Mwenye Droni Anatafutwa

Magongo, Changamwe

Kwa dada yangu Nyamvula,

Hapana dada, sijaiba kitu cha mtu. Huyo mwanaume aliyekupigia akimuulizia mwenye "ndege ndogo" si tapeli. Niliposoma ujumbe wako nikazima simu, ndiyo maana naandika barua, na Kaingu wa pikipiki atakuletea mkononi huko Kaloleni. Namba yako aliitoa wapi, nitakwambia. Tulia kwanza.

Shikamoo. Watoto hawajambo? Mguu wa mama je, bado wavimba? Mie mwili ni mzima, ila roho imehamia kooni na haitaki kushuka.

Wajua niliuacha mkokoteni wangu wa sokoni Kongowea kwa rafiki yangu Kai nikanunua droni, nipige picha za harusi kutoka juu. Nikaambiwa bila leseni utafungwa, basi nikaingia darasani. Mie niliyeacha shule darasa la tano, nimesoma upepo, nimesoma betri, nimepimwa macho na masikio kama ng'ombe wa mnada! Mwalimu wetu, Achieng, ni mkali. Siku ya kwanza tu alituambia hapa Magongo droni isiinuke hata kidogo, uwanja wa ndege ni jirani na ndege zashukia juu ya mabati yetu. Mazoezi ni kule anakotupeleka yeye. Nikamuuliza, na kunguru wa Magongo wana leseni? Darasa likacheka. Akasema kunguru hana akili, lakini wewe unayo.

Alikosea, dada.

Jumamosi, mtihani wa kurusha ukikaribia, Faith, mpangaji mwenzangu wa ploti yetu, alikuwa akiolewa. Akina mama wakanizunguka na vigelegele, ati rubani wetu mwoga, ati hilo dude lake ni feni tu. Nikasema nitaipandisha mara moja, nimpige picha bibi harusi akitoka mlangoni, niishushe. Ikapanda. Wakashangilia. Upepo ukaichukua. Nabonyeza irudi, hairudi. Kisha nikasikia ngurumo nyuma yangu.

Ndege ilikuwa imeshatoa magurudumu. Droni yangu iko mbele yake, kama nzi mbele ya fahali. Nikabonyeza vitufe vyote kwa pamoja. Wote walikuwa wakicheza, aliyetazama juu ni mie peke yangu. Niliona madirisha. Kwenye madirisha kuna watu, Nyamvula. Ikapita, ikashuka salama. Droni ikaangukia ng'ambo ya ua wa uwanja wa ndege.

Jumatatu Mwalimu Achieng akaingia hata hajasalimia. Akasema kuna droni imeokotwa, mwenyewe anatafutwa, na akijulikana leseni aisahau na jela aitandikie godoro. Jacktone, ninayekaa naye dawati moja, akasema mjinga kama huyo achapwe hadharani. Mie nikapiga meza, nikasema achapwe mara mbili! Nikacheka kuliko wote. Tangu hapo pikipiki ikisimama nje, mie niko chini ya kitanda, na kitanda chenyewe kifupi, miguu yabaki nje.

Sasa la namba. Wakumbuka mkokoteni wangu niliuandika namba yako ubavuni, kwa kuwa laini zangu hubadilika na yako haijabadilika tangu uolewe? Na ndoo yangu ya maji vilevile. Na droni pia, dada. Nimeiandika tumboni kwa rangi nyekundu: ukiniokota, piga. Basi mtu wa uwanja wa ndege ameiokota, amepiga.

Barua ya kwanza nilikuomba useme hunijui. Nikaichana. Nikifumba macho naona yale madirisha, halafu naona askari mlangoni kwako badala ya kwangu.

Tufanye mapatano. Akipiga tena, mwambie mwenye droni ni Ngumbao, ndugu yako, na Ijumaa atajipeleka mwenyewe kwa Mwalimu Achieng. Nawe uje, maana najijua, nikifika mlangoni nitatoroka. Unishike shati kama ulipokuwa ukinipeleka kudungwa sindano. Wakiniachia, nitaanza darasa upya, na picha yangu ya kwanza itakuwa ya minazi yenu, tumjue anayekuibia madafu. Wasiponiachia, uchukue mkokoteni kwa Kai. Namba yako iko ubavuni tayari.

Ukikubali, pokea simu ikilia. Usipokubali, pokea vilevile dada, maana mie siwezi.

Msalimie mama. Mwambie simu yangu imeanguka majini.

Mdogo wako mwenye miguu nje ya kitanda,
Ngumbao