Wadudu Wenye Makoti Niliowachemsha

Chumba cha uani,
nyuma ya kiwanda cha sabuni.
Jumanne, baada ya chai.

Mpendwa mjukuu wangu, mume wangu mdogo,

Hujambo huko kwenye maabara yako? Unakula, au umekonda kama uzi? Mimi mzima, ila magoti yameninunia. Anayeandika ni fundi cherehani wa mlango wa pili, maana mimi na kalamu hatujawahi kusalimiana.

Barua yako ya bakteria wa tumboni nimesomewa mara tatu na kichwa bado kinazunguka. Unasema wengine hujivika koti la ute ili askari wa mwili wasiwakamate, ndipo wanapata makazi kwenye utumbo. Sawa. Mbele kidogo unasema koti hilohilo huwafanya wateleze, wasishike ukuta. Sasa linawasaidia au linawaponza? Fundi anasema hata yeye hariri humtoroka mezani. Nimemwambia aandike, asinifundishe.

Kuna lililonipata. Mtoto wa dada yako, kitukuu changu, ameharisha siku sita. Daktari akatoa paketi mbili za unga, ndani mna bakteria wazuri, walio hai, wakakae tumboni mwake. Dada yako akaniachia kazi hiyo, akaenda zamu. Wanijua: cha mtoto hakipiti mikononi mwangu bila kuchemka. Nikatia unga kwenye maji, nikachemsha mpaka kifuniko kikaruka. Nilijiambia, si wana makoti? Watavumilia.

Dada yako aliporudi akaona unga umegandia sufuriani. Akakaa chini. "Bibi, umewaua." Hapo ndipo nilipoumia. Paketi iliyobaki akaiweka juu ya kabati, nisikofika.

Nimelea saba kwa kuua wadudu. Leo naambiwa niwalishe. Sielewi, na sioni haya kusema.

Ila leo asubuhi, kabla ya kwenda kazini, dada yako ameishusha mwenyewe, akanitia mkononi, akaondoka. Nimechemsha maji peke yake, nikayaacha yapoe, nikatia kidole mara nne. Unga nimeutia mwisho. Mtoto amekunywa, akanivuta kilemba, akacheka. Tangu aanze kuharisha hakuwa amecheka. Sijui kama wameshika ukuta au wanateleza. Nimewaambia wakae.

Ukijibu, niambie jambo moja tu: koti ni zuri au baya?

Msalimie mke mwenzangu, mwambie akunenepeshe. Mama yako na shangazi yako wanakukumbuka. Mungu akufunike popote ulalapo.

Wako akupendaye, hata asipokuelewa,
Bibi