Futari ya Somoe

Jumatatu, 8 Oktoba 1973
Malaria saba, kidonda kimoja. Saa sita Mzee Hamisi akaingia zahanati amembeba dada yake mgongoni. Somoe. Kavuka Ruvuma juzi, akikimbia vita. Wiki nyingi porini, majani na mizizi tu. Mtu mzima, kilo ishirini na tisa. Nimemlaza chumba cha dawa. Wodi hatuna.

Jumanne, 9 Oktoba
Uji mwepesi, vijiko vitano kila baada ya saa mbili. Mzee hafurahi.
"Bwana Mganga, mimi nimefunga na shambani nimekwenda. Jioni nafuturu, nashiba, sidhuriki. Huyu mwenye njaa hasa ndiye wa vijiko?"
Nikamwambia afuate maagizo. Foleni ilikuwa ndefu.
Aliyefunga mchana mmoja anaishi kwa akiba ya daku iliyo kwenye ini, na mafuta kidogo. Somoe mafuta yalimwisha zamani. Mwili wake unajila nyama, hata ya moyo. Chakula kingi ghafla huvuruga chumvi za damu, na moyo huo haustahimili. Nayajua haya. Sikuyasema.

Jumatano, 10 Oktoba
Somoe ameomba kitana. Amecheka. Nadhani atapona. Mchana nakwenda Mtwara kufuata maziwa ya unga.

Jumamosi, 13 Oktoba
Nimerudi na maziwa. Chumba kitupu.
Mhudumu kanieleza. Jioni mbili mfululizo Mzee alileta futari: muhogo wa nazi, samaki, chai yenye sukari nyingi. Somoe alikula vyote, akamwombea kaka yake dua. Jana miguu ilivimba, pumzi zikambana. Adhuhuri akafa. Wamemzika jana hiyohiyo.
Nimemkasirikia Mzee. Kisha mimi mwenyewe. Nilitoa amri, sikueleza. Dakika tano tu zingetosha.

Jumatatu, 15 Oktoba
Binti wa Mzee Hamisi alikuja. Baba yake hali tangu mazishi. Magharibi anafungua kwa maji, basi.
Jioni nikaenda. Tukakaa mkekani.
"Ni futari yangu, Bwana Mganga?"
Sikuweza kumdanganya. "Ndiyo, Mzee. Lakini ningekueleza, usingempa. Kosa ni langu."
Adhana ikaisha. Binti akaweka chai na muhogo katikati yetu. Mimi Mkristo, sikuwa nimefunga, ila sikugusa kitu mpaka yeye alipochukua kipande. Tukala.